Meno ya Jeli, Namba Arobaini na Moja

Jumatatu, 20 Oktoba

Siku mbaya. Siku mbaya sana! Sista anataka skrini yangu.

Niandike kwa utaratibu, maana hasira inapindisha mwandiko. Mimi ni mtu wa mapokezi katika kliniki ya meno. Naandika majina, naita namba, nawaambia watu haitauma. Hiyo ndiyo kazi ninayolipwa. Kazi ya moyo wangu ni skrini ya ukutani kwenye chumba cha kusubiri. Mwaka wa pili huu naijaza vitu ninavyovumbua mtandaoni. Watu wana vipaji, jamani! Leo asubuhi peke yake: mzee mmoja ameyafundisha mabirika kumi na moja kupiga mluzi kwa sauti nne, kwaya kamili. Mama mmoja anafuma sweta za kuvalisha mikate. Mtu na mkewe wamevaa kama soketi na plagi, wakaenda hivyo harusini, na walicheza vizuri kuliko maharusi. Nani alikaa chini akayawaza hayo? Nawavulia kofia wote. Mimi sina kipaji hata kimoja, lakini jicho ninalo.

Sista hana jicho. Sista ni muuguzi wa Daktari, na ana picha arobaini na mbili za fizi zilizooza. Anasema chumba cha kusubiri ni mahali pa kuelimisha watu, si pa kutazama birika. Leo kampelekea Daktari picha zake. Fizi namba kumi na tisa niliiona kwa bahati mbaya nikiwa nakunywa chai. Chai nimeimwaga.

Daktari akasema atasikiliza pande zote mbili. Akaniuliza vioja vyangu vimewahi kumsaidia mgonjwa gani. Hapo mdomo wangu ukatangulia, akili ikabaki nyuma inatafuta viatu. Nikasema nitamfanya Mwalimu akae kwenye kiti.

Sista akacheka kwanza.

Mwalimu ni mwalimu mkuu mstaafu. Ana jino bovu la nyuma, na ameshatukimbia mara tatu. Mara ya tatu aliondoka na kitambaa chetu shingoni. Hofu yake si ndogo, lakini tatizo kubwa liko upande wetu: alimfundisha Daktari. Miaka saba alimwambia funga mdomo. Sasa Daktari hapati ulimi wa kumwambia afungue.

Tumepeana mkono mbele ya mashahidi. Mwisho wa mwezi. Mwalimu akikaa kwenye kiti, skrini ni yangu. Asipokaa, ni fizi kuanzia asubuhi hadi jioni.

Mke wangu ameuliza kwa nini sikuahidi kitu chepesi, kama kuhamisha mlima.


Jumanne, 21 Oktoba

Mwalimu amekuja! Amesimama mbele ya meza yangu, mkono shavuni, akaniita Dawati la Nyuma. Alinifundisha na mimi, darasa la nne, mwaka mmoja tu. Miaka thelathini imepita na bado niko dawati la nyuma.

Nilikuwa nimejiandaa. Nikamkalisha kiti cha mbele kabisa na kuwasha birika. Uso wake ukalainika. Alitikisa kichwa taratibu, akasema yule mzee wa birika ana subira ya mwalimu wa darasa la kwanza. Nikaona mambo yamekwisha. Nikamkonyeza Sista.

Nisingemkonyeza. Wimbo ukafika katikati, pale birika dogo kuliko yote linapobaki peke yake na sauti yake nyembamba. Sikuwa nimefikiria. Sauti ile na ya mashine ya kutoboa meno ni pacha. Mwalimu alisimama kama aliyesikia kengele. Akatoka. Namba sita akamfuata. Namba saba na mama yake wakamfuata namba sita. Daktari alipochungulia aliita namba nane, na namba nane alikuwa ameshavuka barabara.

Sista akasema kweli kipaji ni kipaji, hata moto haujawahi kumaliza chumba haraka hivyo.

Lakini lile birika dogo! Kuna mtu amelisikiliza hadi akajua linaweza kuimba peke yake. Bado nalistaajabu.


Alhamisi, 23 Oktoba

Huu mwisho wa mwezi mtandao umejaa Halowini. Ni siku ya watu wa mbali ya kutishana kwa makusudi halafu kupeana peremende. Hapa kwetu hakuna anayeisherehekea. Sisi tukitaka kutishwa tunakuja kwa daktari wa meno.

Na hapo ndipo nilipopata wazo. Kuna mama mmoja mtandaoni, miwani mikubwa, jiko dogo, aproni ina doa lilelile kila siku. Ninampenda kwa heshima zote. Anatengeneza vitafunwa vya kutisha: macho ya jeli yenye zabibu katikati, mizimu midogo ya ute wa yai na sukari, na biskuti za vidole vya binadamu. Kucha ni lozi. Mikunjo ya vifundo ameikata kwa kisu. Mahali kidole kilipokatika amepaka jemu nyekundu. Nimeitazama mara sita. Kinachonimaliza ni kwamba anacheka mwenyewe kila anapotoa trei, kana kwamba vidole si vyake.

Hoja yangu ilikuwa imenyooka: hofu ikichekwa, huona haya na kuondoka. Mwalimu akila kidole, kiti kitamtisha vipi?

Jana jioni nikaoka. Mke wangu akafungua oveni kwa shughuli zake. Majirani walifika. Baadaye alipopata pumzi akasema vidole vyangu vinafanana na vya mjomba wake, na mjomba wake yu hai, kwa hiyo nisithubutu kuvipeleka kwenye shughuli za ukoo.

Leo nimekuja na ishirini kwenye sahani, nikaviweka mezani ili kupima upepo kabla Mwalimu hajarudi. Akatoka ndani bwana mmoja aliyekuwa amezibwa jino muda huohuo. Alikuwa ameambiwa asitafune chochote kwa saa mbili. Akaona sahani. Akacheka! Wazo langu lilifanya kazi! Akachukua kidole kinene, akaanzia kwenye ukucha.

Mlio ulisikika hadi ndani. Ukucha ulibaki mzima.

Bwana amerudishwa kwenye kiti. Daktari alinitazama vile anavyotazama jino asilojua kama linafaa kuokolewa. Sista ndiye aliyesema. Sheria mpya, imebandikwa ukutani kwa mwandiko wake: hakuna chakula kliniki, na hasa kwenye friji. Atakagua asubuhi na mchana. Chenye sura ya chakula kitakwenda kwenye pipa.

Vidole kumi na tisa nimerudi navyo nyumbani. Mke wangu amekula vinne huku akivilaumu.


Ijumaa, 24 Oktoba

Leo sina utani mwingi.

Mwalimu alikuja mwenyewe, bila kuitwa. Shavu limevimba, jicho moja limeanza kuwa dogo. Daktari alitoka hadi mlangoni kumpokea. Nilimwona kwa macho yangu: mtu mzima mwenye vyeti vitatu ukutani, amesimama mikono ubavuni, anasema shikamoo kwa sauti ya mwanafunzi kengele ya asubuhi ikilia. Akaanza kumwomba kama ingewezekana, na kama hatajali, basi labda, kwa muda mfupi tu... Mwalimu akamwambia amalize sentensi. Hakuimaliza. Akamwandikia vidonge vya usaha.

Mwalimu akasema atarudi Ijumaa ijayo, saa nne. Mara ya mwisho. Akishindwa siku hiyo, tumwache na jino lake.

Alipotoka, Daktari aliegemea meza yangu. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba usaha ule unaweza kushuka shingoni, na ukishafika huko habari ni nyingine. Vidonge vinampa wiki moja, haviwezi kumaliza kazi. Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua. Alipovunjika mguu akiwa darasa la sita, Mwalimu alikuja kwao kila jioni kwa miezi miwili, akamfundisha kizingitini, hakutaka hata soda. Bila yeye, alisema, angekuwa anafanya kazi gani? Hakungoja jibu. Akaingia ndani akafunga mlango.

Skrini niliisahau kabisa kwa muda wa dakika tano hivi.

Kabla ya hapo nilikuwa nimemsindikiza Mwalimu hadi barabarani. Huko, bila kunitazama, aliniuliza kama yule mzee wa birika ana nyimbo nyingine. Nikasema anazo kumi na nne. Akaguna. Akasema nyumbani kwake siku hizi kinachopiga kelele ni saa ya ukutani tu.

Lazima akae kwenye kiti. Lazima!


Jumatatu, 27 Oktoba

Yule mama wa miwani! Mungu amzidishie! Jana ametoa meno bandia ya jeli, seti nzima, juu na chini. Fizi nyekundu, meno meupe ya maziwa. Akayashika mkononi, akayafanya yaongee, halafu akayala. Nilipiga makofi peke yangu sebuleni.

Nikaona picha nzima. Mwalimu amekaa. Mimi naingia na sahani. Nayaumauma meno mbele yake, kwa adabu. Mwalimu anacheka. Anaingia ndani mwenyewe kwa miguu yake. Na kama kuna mahali duniani penye vifaa vya kutengenezea meno, ni hapa!

Chumba cha nyuma ni cha Fundi Meno. Anatengeneza meno bandia, na katika watu wote ninaowastaajabia bila kuwapata mtandaoni, yeye ni wa kwanza. Hasemi ovyo. Chumba chake kimejaa vumbi la plasta, lakini meno yanayotoka humo hata mwenye kinywa husahau kwamba si yake. Nikamwonyesha ile video. Akaitazama hadi mwisho. Akasema rangi ya fizi imezidi wekundu. Kwa Fundi Meno hiyo ni sifa, sijawahi kumsikia akisifu zaidi ya hapo.

Kwenye rafu ya chini ana kalibu za mpira laini, za kumwagia nta, kila moja na namba ya mgonjwa. Nikamwomba moja. Akakataa. Nikambembeleza. Akakataa tena. Halafu, akiwa anafuta miwani, akasema keshokutwa anaanza likizo fupi, anakwenda kumwona mjukuu mchanga, na mambo ya rafu ya chini yakitokea yeye hayupo hatakuwa ameyaona.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alipotoka kunawa plasta, nikainama. Namba arobaini na moja, kalibu nzuri kuliko zote. Ni ya Mzee Besi, anayeimba sauti nzito ya kwaya. Meno yake halisi, yaani ya bandia, yameshakamilika, na atakuja kuyachukua wiki hii. Kalibu haina kazi tena. Hakuna anayeumia.


Jumatano, 29 Oktoba

Majaribio, nyumbani.

Kalibu imechemshwa mara tatu. Mke wangu aliuliza imetoka wapi. Nikasema ni mpya. Akauliza mbona ina namba. Nikasema ndivyo zinavyouzwa.

Pakiti moja ya jelatini: supu. Pakiti mbili: meno yalisimama, yakasalimia, yakalala. Pakiti tatu: maajabu! Nilimwaga maziwa kwanza kwenye matundu ya meno, nikasubiri yagande, kisha jeli ya stroberi kwa fizi. Fizi niliipunguza wekundu, kama Fundi Meno alivyosema. Nilipobandua kalibu tuliinama wote wawili mezani. Yalikuwa meno. Hata kile kijipengo cha katikati ambacho Mzee Besi aliomba abakishiwe, kwa sababu ndicho mkewe alichompendea, kilikuwepo.

Mke wangu alizunguka meza nzima akiyatazama. Akasema tangu anifahamu hiki ndicho kitu cha kwanza nilichokifanya kikatoka kilivyokusudiwa. Nilitaka aseme tena. Akaniambia nioshe sufuria.


Alhamisi, 30 Oktoba

Tatizo: jeli haipendi joto. Lazima ikae kwenye friji ya kliniki hadi kesho saa nne. Na friji ina askari wake.

Nimewaza njia nzima. Jibu limenijia pale kwenye ngazi, na ninajivunia hadi nashindwa kukaa. Sheria ya Sista inasema chenye sura ya chakula. Sasa meno yana sura ya chakula? Nimeyaweka kwenye kile kikasha cheupe cha plastiki tunachowapa wagonjwa meno yao, na juu nimeandika namba yake halali, 41, kwa kalamu ya Fundi Meno. Akifungua ataona meno ndani ya kliniki ya meno. Atashangaa nini?

Mchana amekuja kukagua. Nilijifanya napanga mafaili. Akafungua friji, akafungua kikasha, akatazama. Akafunga. Akaenda zake!

Nimeingia chooni nikacheza kidogo.

Sikumwambia mtu yeyote. Siri ya wawili si siri, na mimi ni mmoja.


Ijumaa, 31 Oktoba

Nianze mwanzo.

Mwalimu alifika saa tatu na nusu. Shavu lilikuwa limepungua kidogo kwa vidonge, lakini uso wa kijivu. Alikaa kiti kilicho karibu na mlango. Mkoba kifuani, miguu tayari. Niliwasha kitu kisicho na mluzi wala mbinja: watu watano wanaopiga muziki kwa milango ya makabati ya jikoni, na wa tano, mama mnene, kazi yake ni droo moja tu, na anaipiga kwa uchungu wote. Mwalimu akatazama. Kidole chake kikawa kinagonga mkoba. Robo tatu ya kazi imekwisha, nikajisemea. Ikifika saa nne kasoro tano naleta meno.

Saa nne kasoro kumi simu ikaita. Mtu anataka kujua kama inauma. Nikaanza kumweleza. Wakati huohuo akaingia Mzee Besi, kifua mbele, ana haraka, kwaya inamsubiri mazoezini. Alitakiwa kuja saa saba! Sista akasema asiwe na wasiwasi, Fundi Meno yuko likizo lakini meno yake yapo, yeye mwenyewe ameyaona jana.

Sikumsikia. Nilikuwa nasema haitauma.

Nilipogeuka, Mzee Besi alikuwa na kikasha mkononi. Kikasha changu. Nikainua mkono. Mtu wa simu akauliza mbona nimenyamaza, kumbe inauma?

Mzee Besi akayatia kinywani.

Akasema ni ya baridi. Sista akamwambia yatazoea joto la mwili. Akasema ni laini. Sista, kifua mbele kana kwamba ameyatengeneza yeye, akasema Fundi wetu hachezi, hiyo ni aina mpya. Mzee Besi akavuta pumzi kwa pua, akasema tena yananukia vizuri. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Kwa sekunde moja, niseme ukweli, nilijivunia.

Halafu akasema anataka kujaribu sauti.

Akasimama katikati ya chumba. Akaweka mkono tumboni. Akashuka na noti ya chini kabisa, ile inayotikisa vioo. Vioo havikutikisika. Meno ndiyo yaliyotikisika. Yote, juu na chini, kwa mapigo ya wimbo. Kadiri alivyoishikilia noti ndivyo yalivyozidi kucheza, na mzee wa watu, mwanamuziki hadi kwenye mifupa, hakutaka kuikata. Jino moja la mbele likateleza juu ya mdomo wa chini, likakaa hapo. Akalidaka. Akalitazama. Chumba kizima kikalitazama. Kisha, kwa utulivu wa mtu asiyependa kutupa kitu, akalirudisha kinywani na kulitafuna.

"Stroberi," akasema.

Yalianza mabega ya Mwalimu. Nilidhani analia. Kisha mkoba ukaanguka, mkono ukaachia shavu, kichwa kikarudi nyuma, na kicheko kikatoka. Sijui kiliwekwa wapi miaka yote hiyo. Alicheka mdomo wazi, machozi yanamtiririka, anamnyooshea kidole Mzee Besi, naye Mzee Besi anacheka na yaliyobaki ya meno yake.

Daktari akatoka kuona kuna nini. Alikuwa na kile kioo chake kidogo mkononi. Akaona mdomo ule wazi. Mdomo aliokuwa akiutafuta wiki zote hizi! Hatua tatu, akainama, akatazama ndani. Nikaona uso wake ukibadilika. Na ndipo yule mtu aliyeshindwa kumaliza sentensi Ijumaa iliyopita akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Usifunge, Mwalimu."

Mzee Besi akaacha kutafuna. Mwalimu alimkodolea macho. Lakini hakufunga. Daktari akampa mkono, akamwambia waende sasa hivi, mdomo hivyohivyo. Mwalimu akainuka. Akaenda. Akakaa kwenye kiti. Sista akakimbia kuandaa ganzi, na mimi nikakimbia bila kujua naenda wapi, nikajikuta nimeshika mkoba wa Mwalimu nje ya mlango.

Dakika ishirini na tano. Jino limetoka, mizizi mitatu, na chini yake usaha mwingi. Daktari akasema kwa sauti ya uchovu kwamba ulikuwa umeshaanza safari. Mwalimu alitoka na pamba mdomoni, hawezi kusema. Alimwonyesha Daktari ishara ya kuinama. Daktari akainama. Mwalimu akamshika kichwani kwa mkono wake mzima, kama anavyoshikwa mtoto aliyefaulu. Daktari alirudi ndani haraka. Sista akamfuata na tishu. Mimi sikulia, ila macho yaliniwasha kidogo kwa sababu ya dawa za kusafishia sakafu.

Meno halisi ya Mzee Besi yalikuwa kwenye droo ya Fundi Meno, yamefungwa kitambaa kibichi. Ameyavaa. Anasema yanakaa vizuri sana, ila hayana ladha.


Jumatatu, 3 Novemba

Hukumu imetoka.

Skrini ni yangu! Asubuhi vioja, mchana fizi. Daktari anasema ni haki, kwa kuwa Mwalimu alikaa kwenye kiti, lakini si kwa njia ambayo mtu yeyote angeiandika kwenye taarifa. Sista hakuniongelesha hadi saa tano. Saa tano akaja mezani, akatazama pembeni, akaniuliza jinsi ya kutia muziki kwenye picha zake. Nikamtafutia yule mama wa droo. Fizi zinapita vizuri sana na droo. Lazima niseme, namba kumi na tisa sasa ina hadhi yake.

Mwalimu alipiga simu mapokezi. Shavu limerudi mahali pake. Ameamuru nimpelekee vioja vitatu kila asubuhi, na niviandikie maelezo kwa sentensi kamili. Leo nimempelekea birika, wimbo wa pili. Kisha akajibu kwamba ameusikiliza mara nne na saa ya ukutani ameitoa betri. Nimesoma ujumbe huo nikaita namba tatu mara mbili kwa makosa.

Daktari naye alinikalisha. Ilikuwa haki yake. Kama Mzee Besi angepaliwa? Kama Mwalimu angekimbia? Nimesafisha friji nzima kwa mikono yangu. Nimemwomba radhi Mzee Besi, akanisamehe kwa masharti ya kuandikiwa namna ya kuyapika. Halafu Daktari akaniandikisha karatasi, nikaweka sahihi mbele ya Sista: sitaweka chakula kwenye friji ya kliniki, sitagusa kalibu ya mtu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nimekaa jioni nzima nikitafakari nilichofanya, kwa unyenyekevu wote.

Jumatano tunapokea wageni, madaktari wa meno wakubwa watano, wanakuja kukagua kliniki. Daktari hajalala vizuri kwa woga. Na Fundi Meno amerudi likizo akiwa na furaha ya mjukuu, mtu wa kuombeka kabisa, na kwenye rafu yake nimeona kalibu ya kinywa cha Daktari mwenyewe, tangu alipokuwa anafundisha wanafunzi. Wageni wakifungua mkutano na kicheko, nani atakumbuka kukagua?

Kasha la barafu la kubebea vinywaji si friji. Na kushika kwa glovu si kugusa.

Kosa nimeliona na sitalirudia. Pakiti tatu zilikuwa chache. Jumatano natia nne.